Utenzi wa Wabeba Maji

Mtoto aliyesoma shule mkoani Kigoma hawezi kukosa habari ya Ujiji ya mwaka 1871. Mwandishi wa gazeti, Henry Morton Stanley, aliingia mjini na msafara wake kwa bendera na milio ya bunduki, akamkuta David Livingstone, mzee aliyedhoofika kwa maradhi na kuishiwa bidhaa, wakasalimiana mbele ya watu, inasemwa chini ya mwembe. Makumbusho yamejengwa pale, mnara umesimamishwa, na miembe iliyorithi nafasi ya ule wa zamani ingali inatoa kivuli. Somo huishia hapo. Lakini nyumba ya Livingstone ilikuwa na jiko, na jikoni alikuwamo mwanamke aliyeitwa Halima, mpishi wake.

Stanley alimwona Halima na akamwandika, ila alimwandika ili msomaji acheke: mpishi aliyejaa kiherehere, anayechungulia kutoka jikoni ahakikishe kama kweli wazungu sasa ni wawili. Livingstone naye alimtaja katika shajara yake, akaahidi kwamba wakifika Zanzibar atampa uhuru na kumnunulia nyumba na bustani. Hakufika. Alifariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, na Halima akafuatana na maiti yake safari ndefu ya miguu mpaka pwani. Horace Waller, aliyezihariri shajara hizo na kuzichapisha mwaka 1874, aliongeza maelezo mafupi chini ya ukurasa: inasikitisha kwamba kifo cha bwana yule kimeacha utumishi wa miaka mingi wa Halima bila malipo yoyote. Basi. Wanaume wawili walipata mnara, mpishi akapata tanbihi.

Sisi wa Kalinzi, huku milimani katika barabara ya Manyovu, tuko mbali kidogo na mwembe wa Ujiji, lakini habari ya Halima ni yetu. Kahawa yetu, ndizi zetu na maharage yetu hushuka Mwandiga hadi Kigoma mjini kwa barabara ileile inayopandisha dagaa na mawese, na katika mizigo hiyo, inayoshuka na inayopanda, sehemu kubwa imepita katika mikono ya wanawake. Swali langu ni hili: kwa nini kazi hiyo ikiingia katika maandishi huingia kwa mlango wa kichekesho? Na je, kichekesho chenyewe kinaweza kugeuzwa kikawa njia ya kuipa kazi hiyo heshima yake?

Ulaya ilikuwa na aina ya ushairi iliyojengwa juu ya swali hilo, hata kama washairi wenyewe hawakuliuliza hivyo. Kuanzia Homer wa Wagiriki na Virgil wa Warumi, utenzi mkuu ulikuwa na mambo yake yanayojulikana: vita, merikebu, dhoruba, miungu inayogombana mbinguni, na shujaa ambaye ni mwanamume. Baadaye wakatokea washairi waliochukua vazi hilo zito wakalivika jambo dogo. Huu tunaweza kuuita utenzi wa dhihaka. Mwaka 1714 Mwingereza Alexander Pope alichapisha toleo lililopanuliwa la utenzi wake kuhusu kijana wa tabaka la juu aliyekata shungi la nywele za binti bila idhini, na ugomvi ule wa sebuleni ukaimbwa kana kwamba ni vita vya Troya. Kicheko chake kilianguka juu ya jamii yote ya wakubwa, lakini uzito wake mkubwa uliangukia meza ya binti ya kujipambia, poda zake na vioo vyake. Mambo ya wanawake ndiyo yaliyokuwa kipimo cha udogo. Ukitaka kuonyesha kwamba kitu ni kidogo, kiweke karibu na mwanamke.

Kipimo hicho kilianza kuyumba katika enzi ambayo wahakiki wanaiita ya Ulimbwende, mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19. Desemba 1797, jarida moja la London lilichapa shairi la Anna Laetitia Barbauld kuhusu siku ya kufua nguo. Kwa lugha nzito ya tenzi za kale, Barbauld anawashusha miungu wa kike wa ushairi kutoka kileleni mwao waje wazungumze habari za maziwa na jikoni. Siku ya kufua inapambazuka kama siku ya vita. Wanawake wameamka kabla ya alfajiri, anga linatazamwa kwa hofu, kamba inaweza kukatika, mvua inaweza kuharibu kila kitu. Baba mwenye nyumba hana pa kukaa, na mgeni aliyedhani atakirimiwa anajuta kuja. Katikati ya purukushani hiyo yuko mtoto wa kike, ambaye ni mshairi mwenyewe utotoni, ameketi akijiuliza kufua kuliletwa duniani kwa sababu gani. Mwishoni mtoto anapuliza mapovu ya sabuni, na mawazo yake yanapaa hadi kwenye baluni la ndugu wa Montgolfier, ambalo Ufaransa ilikuwa imelirusha angani mwaka 1783.

Msomaji wa haraka atasema Barbauld anawacheka wanawake wanaofanya kufua kuwa vita. Mimi namsoma kinyume. Kila alichokiazima kwa Homer ni kweli tupu kwa mwenye kazi. Ukiwa umefua shuka za nyumba nzima kwa mkono, wingu jeusi ni adui. Hapa Kalinzi mama aliyeanika kahawa kichanjani, akasikia ngurumo upande wa Burundi, hukimbia kwa mbio ambazo mshairi yeyote wa vita angeziandika bila aibu, maana kahawa ikinyeshewa, ada ya shule na dawa ya mtoto zimenyeshewa pamoja nayo. Barbauld hakuikuza kazi ndogo ili ionekane ya kuchekesha. Aliiweka kazi kubwa katika lugha inayoistahili, kisha akawaacha wasomaji wacheke, na wakati wanacheka akawafikisha mahali ambapo povu la beseni la kufulia, chombo cha kuruka angani na shairi lenyewe vimewekwa daraja moja.

Dunia yake haikumsamehe alipotoka katika beseni na kuingia katika mambo ya dola. Mwaka 1812 alichapisha shairi refu lililokemea vita vya Uingereza na kutabiri kwamba utajiri na fahari ya nchi ile vitaporomoka. John Wilson Croker, katika jarida la Quarterly Review, alimshambulia kwa dhihaka, akimcheka kama bibi aliyeacha sindano zake za kufuma ili aje kuiokoa nchi. Croker hakuhitaji kujibu hoja yake. Ilimtosha kumkumbusha mahali pake. Barbauld alikuwa ameukaribia mwaka wake wa 70, na baada ya hapo hakuchapisha tena kazi kubwa. Silaha aliyoitumia kuikuza kazi ya wanawake ndiyo iliyotumika kumrudisha kwenye ufumaji.

Miaka michache baadaye Lord Byron alianza kuchapisha Don Juan, utenzi mrefu uliotoka kwa sehemu kati ya 1819 na 1824, ambao ndio kilele cha dhihaka ya aina hii katika enzi hiyo. Juan wa hadithi za kale za Hispania ni mwanamume mtongozaji anayewaangamiza wanawake. Byron aliigeuza hadithi. Juan wake ni kijana anayechukuliwa na mawimbi na wanawake wenye nguvu kuliko yeye, hadi anauzwa sokoni Constantinople na kuvishwa nguo za kike aingizwe katika nyumba ya wake wa Sultani. Anayeona aibu ya kuuzwa na kulazimishwa kupendwa ni mwanamume, na wasomaji walilazimika kufikiri jambo hilo linavyoonekana likiwa limevaa mwili mwingine. Kisha Byron anamfikisha Juan katika mji wa Ismail, ambao majeshi ya Urusi yaliuteka kweli mwaka 1790, na katikati ya mauaji yale yanayoitwa ushujaa, tendo la kishujaa analolifanya Juan ni kumwokoa mtoto wa kike wa Kituruki. Malezi yameshinda vita ndani ya utenzi wa vita.

Hata hivyo, Byron si rafiki wa kutegemewa. Mama yake Juan amechorwa kama mwanamke msomi asiyevumilika, na wasomaji wa wakati ule walimtambua humo mke wa Byron mwenyewe, aliyependa hisabati. Dhihaka ileile iliyomvisha mwanamume gauni ili tumfikirie mwanamke, iligeuka ikampiga mwanamke kwa kosa la kusoma. Ndiyo tabia ya kejeli. Ina makali pande zote mbili, na anayeishika asipojua anaelekea wapi, itakata penye nyama laini.

Sasa nije kwetu, kwa sababu washairi wa Uswahilini walikuwa kazini katika miaka hiyohiyo. Byron alipokuwa akiandika, Muyaka bin Haji alikuwa Mombasa akitunga mashairi ya vita, siasa, mapenzi na njaa, akiutoa ushairi katika mambo ya dini pekee na kuuleta sokoni. Na utendi, bahari ya mishororo mifupi ya mizani nane, ulikuwa tayari na historia ndefu. Mwaka 1728, katika kisiwa cha Pate, Mwengo wa Athumani alikuwa ametunga Utendi wa Tambuka, habari ya vita kati ya Waislamu na Herekali mfalme wa Rumi. Bahari hiyo ilikuwa ya majeshi, farasi na mashahidi.

Miaka 130 baadaye, katika kisiwa hichohicho, mwanamke mgonjwa alimwita binti yake akae karibu na wino na karatasi. Mwana Kupona binti Msham alikuwa mjane wa Bwana Mataka, Sheikh wa Siyu, mtu aliyepambana miaka mingi na Sayyid Said wa Oman na Zanzibar. Kama ni vita, Mwana Kupona alivijua kwa kuviishi. Angeweza kumtungia mumewe utendi wa mapanga na majahazi. Badala yake mwaka 1858 aliichukua bahari ya Tambuka akaijaza udi, uturi, kitanda, chakula, usafi wa nyumba, namna ya kuzungumza na watu na namna ya kumlaza mume bila kumwamsha kwa kelele. Anamwonyesha binti kwamba mume atunzwe kama mtoto mdogo asiyejua kusema, aangaliwe anapotoka na anapoingia.

Utendi huu umegombaniwa sana. Wako wanaousoma kama kanuni ya utiifu, na wana haki, kwa kuwa Mwana Kupona anaiweka radhi ya mume kuwa njia ya mke kwenda peponi. Wako wahakiki wanaoona chini ya utiifu ule akili ya mwanamke anayewafundisha wenzake mbinu za kushika hatamu bila kuonekana. Mimi siwezi kumfanya muasi, kwa sababu nasoma pia sala zake, na mtu aliyekaribia kifo haombi Mungu kwa mchezo. Lakini siwezi pia kupuuza alichokifanya. Yule sheikh aliyeyasimamisha majeshi ya Sayyid, katika macho ya aliyelala naye, ni mtoto wa kupepewa. Jahazi na bunduki havimo. Kilichomo ni kazi ya kila siku inayomfanya mpiganaji aweze kuamka kesho yake. Pope aliyatumia mambo ya nyumbani kuonyesha udogo. Mwana Kupona aliyapa bahari ya mashahidi bila tabasamu, akitaka yapokewe kwa uzito uleule. Dhihaka haihitajiki mtu anapokuwa na ujasiri wa namna hiyo.

Hapo ndipo tofauti kati ya Barbauld na Mwana Kupona inaponigusa. Mwingereza alilazimika kuingia kwa mlango wa kichekesho kwa sababu mlango mkuu ulikuwa umefungwa. Mswahili wa Siyu aliingia mlango mkuu, ila gharama yake ilikuwa kukubali kwamba nyumba ni ya mume. Mmoja alipata uhuru wa kucheka, akanyimwa heshima. Mwingine alipata heshima, akaufungia uhuru nje. Hakuna aliyeruhusiwa kupata vyote viwili, na bado tunaidai ruhusa hiyo.

Ziwa letu lilishuhudia utenzi wa dhihaka ambao hakuna mshairi aliyeutunga. Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani walikuwa wakilitawala Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma, ambako reli ya kati ilikuwa imefika mwaka uliotangulia. Meli yao kubwa, Graf von Götzen, iliyojengwa Papenburg na kuletwa vipandevipande, iliundwa upya Kigoma na kuingizwa majini mwezi Februari mwaka huo. Waingereza walijibu kwa boti mbili ndogo za mbao, zilizosafirishwa kwa meli kutoka Uingereza hadi Cape Town, kisha kwa treni hadi Katanga, kisha kwa kukokotwa nchi kavu juu ya milima ya Mitumba, kisha kwa treni tena na kwa mto Lualaba, mpaka zikafika upande wa Kongo karibu na Kalemie ya leo. Boti hizo ziliitwa Mimi na Toutou, majina ya kitoto ya Kifaransa ya paka na mbwa, baada ya wakubwa wa jeshi kukataa ziitwe Paka na Mbwa kwa Kiingereza. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliikamata meli ndogo ya Kijerumani Kingani, na Februari 1916 Waingereza wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha Götzen karibu na Kigoma, mashine zake zikiwa zimepakwa grisi ili zisioze. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na tangu 1927 tumeijua kwa jina la Liemba.

Kiongozi wa boti zile, Kamanda Geoffrey Spicer-Simson, alivaa sketi ya kaki aliyoshonewa na mkewe. Karibu kila Mzungu aliyeisimulia vita hiyo ameisimulia sketi hiyo, na karibu wote wameisimulia kwa kicheko. Wenyeji wa ufuo wa Kongo walimwita Bwana Chifunga-Tumbo, na inasimuliwa kwamba walimfinyanga sanamu za udongo. Nikiitazama kutoka upande wetu wa ziwa, naona kicheko kile kilikuwa cha askari wake, wala si cha nchi. Mwanamume aliyejifunga shuka au kikoi kiunoni ni jambo la kawaida hapa, na watu walimpa jina kwa kile walichokiona amekifunga. Walioona mwanamke katika vazi lile ni wale waliokuja na mpaka kati ya vazi la kiume na la kike wakiwa wameubeba vichwani.

Na wakati wote wanaume wale wakichekana kwa sababu ya sketi, kulikuwa na wanawake kweli katika habari hiyo. Boti zilikokotwa na matrekta mawili ya mvuke na maksai. Trekta la mvuke bila maji ni chuma kilichokaa tu, na njia ile ya Katanga ilikuwa kavu. Maji yalibebwa na wanawake wa vijiji vya huko, vyombo kichwani, kutoka mbali, yakamiminwa katika matangi ya mashine ili boti za vita ziendelee kupanda mlima. Waliosimulia safari wameyaandika majina ya boti, ya maofisa, hata ya wanyama. Majina ya wabeba maji hayakuandikwa. Bila wao Mimi na Toutou zingebaki juu ya magogo porini, na mapigano ya ziwani yangesubiri boti nyingine na barabara nyingine.

Mwaka 1935, C. S. Forester aliitumia vita hiyo kama chanzo cha riwaya ya The African Queen, iliyofanywa filamu mwaka 1951, ikapigwa kwa sehemu Kongo na Uganda, Katharine Hepburn akicheza nafasi ya Rose Sayer. Ni hadithi inayofanya jambo jema: dada wa mmisionari, aliyezoea kumtumikia kaka yake, anashika usukani wa boti na kuonyesha ushujaa kuliko mwanamume aliye naye. Lakini tazama gharama. Ili mwanamke mmoja wa Kizungu ashike usukani, mto wote umeachwa bila wenyewe. Waafrika wamo mwanzoni kama waumini wanaokokotwa na kutawanywa, kisha hadithi inasonga mbele bila wao. Kejeli ya mambo ya jinsia inaweza kumpandisha mwanamke mmoja daraja huku ikimkanyaga mwingine aliyebeba maji.

Tusidhani hayo yamekwisha. Kicheko ndicho kinacholinda mipaka ya kazi kwa nguvu kuliko amri yoyote. Huku milimani, mwanamume akipakia madumu ya maji kwenye baiskeli au pikipiki, anafanya biashara na anaheshimiwa. Mwanamume huyohuyo akitwika dumu moja kichwani kwa ajili ya mke mgonjwa, ataimbwa kilabuni mpaka aache. Mwanamke anayechuma kahawa, anayeimenya, anayeiosha na kuianika, haonekani wa ajabu kwa yeyote. Akisimama kwenye mkutano wa chama cha msingi kuuliza bei na makato, atasikia minong'ono kwamba nyumbani kwake jogoo hawiki. Kule ufukweni Kibirizi, wanaume wakirudi na taa zao alfajiri, wanawake ndio wanaopokea dagaa, kuwaanika, kuwageuza, kuwalinda dhidi ya mvua na ndege. Lakini picha ya uvuvi wa Kigoma katika kalenda ni mwanamume na mtumbwi. Wanawake nao wana majibu yao. Majina ya kanga, taarabu, mipasho iliyotikisa kumbi za Dar es Salaam katika miaka ya 1990: hiyo yote ni dhihaka yenye ufundi mkubwa. Mara nyingi, hata hivyo, vijembe hivyo humlenga mke mwenza au jirani, na mwenye mizani ya kupima kazi anaondoka salama.

Mizani hiyo ilitikiswa mahali ambapo wapenzi wa fasihi hawapatazami sana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliiagiza mahakama, ndoa inapovunjika, iangalie mchango wa kila mmoja katika mali iliyochumwa pamoja. Majaji waligawanyika: je, kupika, kufua na kulea ni mchango? Mwaka 1983, katika rufaa ya Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kwamba ndiyo, kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Mimi nauweka uamuzi huo kwenye rafu moja na shairi la siku ya kufua. Kazi ambayo wengine waliiona haina uzito iliwekwa mbele ya kipimo kikuu cha nchi, ikaonekana ina uzito. Lakini Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na kitu, kwani mahakama iliona kwamba fedha alizokwisha kupewa na mumewe, na ambazo ilisema alizitumia vibaya, ndizo zilikuwa sehemu yake. Kanuni ilishinda na mwenye kesi akashindwa. Halima angemwelewa.

Kwa hiyo nikiwaza utenzi unaopaswa kutungwa kutoka milima hii na ziwa hili, najua mambo mawili ninayoudai. Kwanza, ukicheka, ucheke kuelekea juu. Ucheke cheo, umwache anayetwika. Tuna mengi ya kuyacheka: jeshi la dola kubwa lililovusha boti bara zima kisha likasahau nani alijaza tangi, na kikao cha bei ya kahawa ambamo aliyeichuma ameketi nyuma kabisa. Pope na Croker walituonyesha kicheko kinachoshuka kinavyofanya kazi, na mabingwa wetu wa kilabuni wanakiendeleza kila jioni bila kuwahi kuwasoma.

Pili, utenzi huo usimfundishe tena mwanamke jinsi ya kumtunza mtu. Tendi za wosia kwa binti tunazo, na zimekuwa nyingi. Ninachokitaka ni utenzi wa matendo, wenye idadi ya mizigo, urefu wa njia, jina la chemchemi, uzito wa dumu, kimo cha mlima na bei iliyolipwa au isiyolipwa, kama Tambuka inavyohesabu majeshi. Mtungaji wake akipatikana, sitajali kama ni mwanamume au mwanamke, mradi amekwisha kupanda mlima na maji kichwani na anajua shingo inavyouma kesho yake. Majina ya wanawake wa Katanga hatutayapata tena. Ya wanaopanda mlima leo yapo, wenyewe wapo, na mtungaji atakayeshindwa kuyaandika hatakuwa na wa kumlaumu.